Baba Ameanza Kusoma

Solgol, 9 Juni 1996

Mwanangu Mihyang,

Hujambo? Mkweo Seho naye mzima huko Incheon? Samahani, mkwe ni wangu, kwako ni mume. Mimi sijambo, isipokuwa goti, nalo linaamka mvua ikikaribia.

Najua umeshtuka kuona barua. Tangu tumzike mama yako, miaka mitatu sasa, nimekuandikia mara moja tu, tena habari za paa. Leo nina jambo. Nimeanza kusoma vitabu. Usicheke. Nilikuwa nasafisha kabati la mama yako nikakuta riwaya. Nikasema nisome ukurasa mmoja tu, nijue alikuwa anapenda nini. Kuja kuinua kichwa, jua limefika utosini na matango sijayamwagilia. Bibi Okbun, jirani, akachungulia ukutani: "Mzee Bongsik! Miaka thelathini umekoboa mpunga kinuni, sasa unakoboa karatasi?"

Nimeimaliza. Mwishoni nililia, lakini hilo liishie hapa hapa.

Wewe unauza vitabu. Nitumie viwili, vitatu. Viwe na maandishi makubwa. Bustanini nimepanda pilipili mistari minane.

Baba yako

Incheon, 23 Juni

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Pole na goti. Nimekutumia vitabu viwili, kimoja cha mabaharia, kingine cha mwalimu wa kijijini. Vya maandishi makubwa dukani ni vya watoto tu. Kwani miwani huna?

Kazi ni nyingi, kwa hiyo naishia hapa.

Binti yako

Solgol, 12 Julai

Mwanangu Mihyang,

Salamu nyingi. Vitabu vimefika, ahsante sana. Huku mvua siku ya kumi na moja haijakatika. Pilipili zimeota madoa meusi, zinadondoka kabla ya kuiva. Kila asubuhi naokota ndoo nzima nakwenda kuzifukia. Kisha naketi barazani na kitabu. Maji yanachuruzika pembeni, mimi niko baharini na wale watu. Nahodha wao ni yule msimamizi wetu wa kinu hasa: akikosea yeye, wa kulaumiwa ni upepo.

Cha mwalimu nimekisoma polepole. Mle kuna msichana anaficha madaftari yake chini ya mchele. Nikakuwaza wewe. Nawe ulikuwa na madaftari. Ulikuwa unaandika nini mle?

Njoo mwezi ujao, ile siku ya joto kali ambayo kila nyumba hula supu ya kuku. Nitamchinja yule jogoo mweupe. Kula peke yangu kumenichosha.

Baba yako

Incheon, 4 Agosti

Baba, shikamoo. Sisi wazima.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne. Mwandiko wako safari hii ulikuwa unapanda na kushuka, nikadhani umelewa. Nikajiambia, labda pombe ndiyo iliyouliza, si Baba. Lakini umeuliza, basi nitajibu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilirudi kutoka shuleni nikakuta rafu tupu. Vitabu vyangu vyote, na madaftari yangu tisa, ulimpa yule mnunua takataka wa mkokoteni. Akakupa peremende ya mchele. Uliniwekea mezani, kwenye sahani. Ukasema, "Kula. Hiyo ndiyo faida ya vitabu." Mama alikuwa anaosha mboga, hakugeuka.

Niliila, Baba. Nilikuogopa, nikaila yote.

Tangu siku ile sijaandika hata hadithi moja. Nauza za wenzangu. Unauliza niliandika nini? Sikumbuki. Nimekaa wiki tatu nikijaribu kukumbuka walau jina la mtu mmoja niliyemtunga, silipati. Nimefurahi kwamba umejua utamu wa kusoma. Na nimekuchukia kwa hilo.

Siku ya supu sitakuja.

Mihyang

Solgol, 29 Agosti

Mwanangu Mihyang,

Hujambo? Mwandiko huu ni wa Bibi Okbun. Nasema, yeye anaandika, na kila baada ya neno ananung'unika.

Daktari wa mjini aliniambia tangu Aprili kwamba macho yangu hayatafika majira ya baridi. Sikutaka uje kwa huruma, ndiyo maana nilinyamaza. Mwezi huu ulipoanza, mistari ilipinda, kisha katikati pakawa shimo jeusi. Mabaharia nimewaacha njiani. Pilipili nimezing'oa zote kwa kupapasa.

Barua yako ilikuja nikiwa siwezi tena kuisoma. Okbun alinisomea. Alipofika "nilikuwa na miaka kumi na sita" akaacha kusoma. Nikasikia anakunja karatasi. "Anakusalimu sana," akasema. Nikamwambia, "We mama, salamu gani za kurasa tatu?" Nimezihesabu kwa vidole. Nimembembeleza siku nyingi. Alisema hayuko tayari kuwa ulimi wa maneno yale, akaondoka kwenda kulisha kuku wake.

Yaliyomo nayajua, mwanangu. Nilikuwepo. Lakini nataka kuyasikia. Simwombi mtu mwingine tena. Njoo unisomee mwenyewe, kwa sauti yako, usiruke hata neno. Ukimaliza, ukitaka kurudi siku hiyo hiyo, rudi.

Kila Jumamosi nitakuwa kituoni basi la saa nne likiingia. Sitakuona ukishuka. Niite.

Baba yako