Nimefunga, Sasa Keki Zote Zinanizidi Utamu

Mpendwa mshauri, nishike mkono, na ukiona nimetaja chakula kupita kiasi unisamehe, maana leo ni siku yangu ya kufunga na naandika nikiwa nimekalia ndoo ya siagi iliyogeuzwa juu chini, nyuma ya duka la mikate na keki ambako nimefanya kazi miaka kumi na tisa.

Mimi ndiye muonjaji. Si cheo kilichoandikwa popote, ila hapa kwetu krimu haipakwi mpaka nitie kidole kinywani niseme "tayari", kwa sababu sukari hatuipimi kwa mizani, tunaipima kwa ulimi wangu, na ulimi huo umenifikisha kilo mia moja thelathini na mbili, wenzangu wananiita Gunia nami naitika, lakini magoti hayajui utani, ngazi za nyumbani kwangu nilikuwa nazipanda kwa vituo kama basi bovu.

Basi hospitali wakatangaza wanatafuta watu wanene kwa utafiti wa wiki nane, siku moja unakula, siku moja unafunga kwa maji tu, na ubongo unapigwa picha mwanzo na mwisho. Mke wangu akaniambia, "Nenda, baba watoto, huu ndio usaili pekee ambao huwezi kukataliwa." Nesi anayetusimamia akanieleza kwamba kichwani kuna kemikali inaitwa dopamini, hiyo ndiyo inayokusukuma uvutwe na kitu kitamu, na kwa baadhi ya watu wanene inaonekana mwitikio wake umefifia, kama mtu aliyeishi jirani na mashine ya kusaga mpaka haisikii tena, wao wanataka kujua kama kufunga kunaweza kuuamsha. Wakaniingiza kwenye mashine, wakanionyesha picha ya keki, nami badala ya kutamani nikaangua kicheko, nesi akasema kwenye spika, "Mzee wangu, usitikisike! Umeona nini?" Nikamjibu, "Aliyepaka krimu hiyo bado anajifunza."

Sasa balaa. Wiki ya tatu nilionja krimu ile ile ya siku zote nikahisi nimelamba sukari tupu, nikapunguza, wiki ya nne nikapunguza tena, na bosi wetu, mama mwenye macho ya kuona hadi ndani ya mfuko, akaonja akaniuliza, "Gunia, unaumwa au umechoka kazi? Hii ni krimu au povu la sabuni?" Wateja wanakula tu, hata fundi viatu wa jirani, aliyekuwa akiiacha krimu pembeni, siku hizi anakomba sahani, lakini bosi ndiye bosi. Jumamosi ijayo binti yake anaolewa, keki ya ghorofa tano, na ameapa nikiikosea nitahamia kuosha trei. Nikirudia ulaji wangu wa zamani labda ulimi utarudi, lakini nimeshapungua kilo sita na ngazi sasa nazipanda bila kituo. Halafu kuna jingine, nalisema kwa sauti ya chini: siku za kufunga bado naonja, vijiko kumi na tano hivi, na kwenye daftari la nesi nimeandika "maji tu", kwa sababu kwetu kuonja si kula. Je, niache kufunga niokoe kazi?

Gunia Linalopungua

Gunia,

Hongera kwa kilo sita. Sasa kaa vizuri kwenye hiyo ndoo, nikuseme.

Eti kuonja si kula! Vijiko kumi na tano vya krimu, mwenzangu, wengine huita hicho chakula cha mchana. Watu wameleta mashine nzima wachungulie kichwa cha mtu anayefunga, wewe umewapelekea kichwa cha mtu anayelamba krimu. Kesho asubuhi mpelekee nesi daftari, umwambie ulionja nini na kiasi gani. Atakununia. Akikutoa kwenye utafiti, umeyataka. Akikubakiza, mshukuru na uandike ukweli. Na kama unameza dawa yoyote, ya presha au ya kisukari, mtajie nayo. Kufunga na vidonge hupatanishwa na daktari, si na ukurasa wa gazeti.

Tuje kwenye ulimi. Mimi sikusomea udaktari, nimesoma barua zenu na vitabu vya kuazima, kwa hiyo siwezi kukuapia kama ni dopamini au ni ulimi tu uliopata likizo ya sukari. Wenye elimu yao bado wanachunguza, ndiyo maana wakakuita. Ila kuna jambo umeliandika mwenyewe kisha ukaliruka kama dimbwi: fundi viatu anakomba sahani! Malalamiko yote ya barua yako yametoka mdomo mmoja, wa bosi, na mdomo huo umelishwa krimu yako ya zamani miaka kumi na tisa. Uliuzoesha wewe.

Usiache kufunga kwa sababu ya keki. Siku yako ya kula ijayo, mwenzako mmoja wa tanuri atengeneze krimu ya zamani kama anavyoikumbuka, wewe tengeneza ya sasa, na sukari yote ipite kwenye mizani, iandikwe. Kisha mwiteni bibi harusi, maana keki ni yake na sijaona mahali alipoulizwa. Mpe vijiko viwili bila kumwambia kipi ni kipi. Akichagua ile tamu zaidi, mpe ile tamu. Vipimo mnavyo kwenye karatasi, na mizani haina siku ya kufunga. Mama yake akinuna, atamnunia mwanawe. Siku zako za kufunga kijiko kishikwe na mtu wa tanuri, wewe mikono nyuma. Duka zima kuning'inia kwenye ulimi mmoja miaka yote hiyo, ungepata mafua mngeuza nini?

Harusi ikipita, niletee kipande, siku ya kula. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu na lifti ilikufa tangu mwaka jana. Nitaacha mlango wazi, nihesabu umesimama mara ngapi.