Mashine Mpya ya Sumaku Yaokota Misumari Tu

"Mashine ya bei kubwa haimwangushi mtu." Maneno hayo ni ya bwana mmoja utakayemkuta ndani ya barua ya leo, na si kweli. Mashine ya bei kubwa humwangusha mtu vizuri sana, tena mbele ya mkewe. Soma kwanza, halafu nitashughulika naye.

*

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na sijui hata nianzie wapi kwa sababu shida yangu imezaliwa na shukrani, na mimi sikujua kama shukrani nayo inaweza kumnyima mtu usingizi. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, alisimama kando ya msumeno mkubwa tangu mtoto wetu wa kwanza hajaota meno mpaka wa mwisho akapata kazi, hakuwahi kututupa, na alipostaafu akajinunulia mashine kuukuu ya kusaka vyuma ardhini, ile yenye mpini mrefu na sahani chini, unaipitisha juu ya udongo na ikihisi kitu inalia. Kila alasiri anakwenda kwenye uwanja wa gulio la zamani, mwenye uwanja kamruhusu, anachimbua sarafu zilizochakaa, funguo, vifungo vya makoti, anakuja kunimwagia mezani utadhani kaleta almasi, na mtaa mzima unamwita Sumaku naye analipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Mimi hufuatana naye na chupa ya chai na kiti changu cha kukunja, nakaa nafuma, na nakuambia kweli, mshauri, namshukuru Mungu kwa miaka hii kuliko hata ile ya ujana wetu.

Basi mashine imekata roho. Ilikuwa na mlio mmoja tu, mzito, kama beberu mwenye mafua. Watoto wakasema baba katulea, safari hii na sisi tumfurahishe, tumnunulie mpya, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akajitwika kazi ya kuichagua, akaazima dukani mashine ya kisasa ili ijaribiwe. Hiyo ina milio mingi. Chuma chenye kutu kinatoa mlio mzito, fedha na shaba zinatoa mlio mwembamba wa juu kama kifaranga. Tukaenda uwanjani, shemeji akabaki kwenye gari na simu yake sikioni, anapaza sauti tu kutoka dirishani.

"Kaka, umepata?"

"Msumari."

"Endelea! Mashine ya bei kubwa haimwangushi mtu!"

"Msumari tena."

"Labda unaipitisha haraka, kaka, kama mtu anayefagia!"

"Wewe utanifundisha kufagia? Wewe ambaye uvungu wa kitanda chako ulifagiliwa na mama mpaka ulipooa?"

Tukacheka wote. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, na mashine ikalia kile kilio chembamba, ti-ti-ti, waziwazi kabisa, naye akapita kama hajaambiwa kitu. Nikadhani kadharau. Akarudi, akaipitisha palepale, ikalia tena, akapita tena, na hatua chache mbele ikaguna ule mlio mzito, akainama kwa furaha, akachimba, msumari. Hapo ndipo moyo ulinishuka, mshauri, kwa sababu nilikumbuka birika linalopiga mluzi jikoni yeye kakaa pembeni yake anasoma gazeti, na mjukuu wetu wa kike ambaye siku hizi anaambiwa eti ananong'ona. Alipogeuka nilichokoa pale kwa kijiti, nikatoa sarafu ya fedha, nikaitia mfukoni, na nikanyamaza.

Njiani akaniambia polepole, "Mama watoto, nadhani mkono wangu umeishiwa bahati. Waambie watoto wasijisumbue. Nitakaa tu nyumbani." Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Jumamosi watoto wanalipia mashine ileile. Nikisema, nitamwaibisha mwanamume ambaye hajawahi kukiri hata mafua. Nikinyamaza, atapewa zawadi ya kuokota misumari mpaka achoke. Nimfichie au nimwambie? Na tuchague mashine ipi?

Mke wa Sumaku

*

Mke wa Sumaku, nakushukuru. Meza yangu imejaa barua za watu wanaotaka wenzi wao wanyamaze. Yako ni ya kwanza inayotaka mume asikie.

Shemeji yako anaipima mashine kwa bei kwa sababu bei ndicho kitu pekee alichokisikia akiwa ndani ya gari. Mashine haitafuti kitu, mama. Mtu ndiye anayetafuta, mashine inamnong'oneza tu, na huyu mzee ananong'onezwa kwa sauti ambayo masikio yake hayaipati tena. Ile mbovu yenye mafua ilimfaa kwa sababu ililia chini, mahali anapofikia.

Sasa wewe. Ulimwona mumeo akiinamia misumari, fedha ikiwa mfukoni mwako, ukanyamaza, na kunyamaza huko ukakuita kumsitiri. Mimi naona ni uoga uliooga na kuvaa nguo safi. Humsitiri hata kidogo. Umemwacha aamini kwamba bahati imemkimbia, kumbe ilimwita mara mbili. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe umekwisha kukisikia: mzee anataka kukaa nyumbani.

Kesho nendeni uwanjani nyinyi wawili tu, bila shemeji, bila watoto. Mpe sarafu yake mkononi. Mwambie, "Iliita, mimi niliisikia, wewe hukuisikia." Usiongeze hotuba. Atakasirika, atasema siku hizi watu wote wananong'ona. Mwache akasirike, mmiminie chai. Mtu aliyesimama kando ya msumeno maisha yake yote anajua vizuri kelele zile zilikuwa zinakula nini, hakuwa na wa kumwambia tu. Akitulia, mpeleke hospitali akapimwe masikio, kwa sababu leo ni mlio wa mashine, kesho ni honi ya lori.

Kisha mashine. Msidanganywe na kioo chenye rangi wala maneno ya muuzaji kwamba inahisi vyuma vya kina kirefu. Ulizeni mambo mawili: je, milio yake yote inaweza kushushwa mpaka iwe mizito, na je, mpini wake unaweza kutetemeka unapopita juu ya kitu, ili mkono usikie pale sikio linaposhindwa? Ziko zinazofanya hivyo, na nyingine ni nyepesi kuliko hiyo ya kuazima. Muuzaji aweke sarafu na msumari sakafuni, mzee afumbe macho, aseme mwenyewe kipi ni kipi. Akikosea, rudisheni rafuni, hata kama shemeji atalia machozi.

Na nyinyi watoto wa Sumaku, najua mtausoma ukurasa huu, kwa hiyo sasa nasema na nyinyi. Nia yenu ni njema na naiheshimu. Lakini ada zenu zilitoka kwenye ule msumeno, na msumeno ulijilipa masikioni mwa baba yenu. Msimtume baba yenu mdogo dukani. Jumamosi mpelekeni mzee mwenyewe, simameni nyuma yake, fungeni midomo, na msitoe hata senti moja mpaka yeye aseme kwa kinywa chake, "Hii naisikia."