Kiti cha Jumamosi

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, goti tu ndilo linaloninunia kila nikikaribia ngazi. Hofu yangu ni kwako wewe unayeshinda ndani ya mashimo ya lifti za watu. Unakula? Ukisema unakula, sema umekula nini, maana hilo jibu lako la "nakula" nalijua tangu ukiwa mdogo.

Kaa chini nikupe habari, na usicheke. Klabu ya wastaafu inanipeleka kucheza poka kwenye mashindano makubwa. Mimi, mama yako. Baba yako alipofariki, jirani alinivuta klabuni nisije nikageuka kuwa fanicha ya nyumba. Wengine wanafuma, wengine wanaimba, mimi nikaangukia meza ya karata. Mwaka wa kwanza walinifunga kila wiki mpaka wakanionea huruma. Mwaka huu nimewafunga wote, akiwemo daktari wa meno mstaafu, ambaye mpaka leo hanisalimii vizuri. Mshindi wa klabu hulipiwa kila kitu: treni, chumba na kiti mezani.

Sasa sikiliza. Mashindano yanafanyika kwenye mji ule ulio masaa mawili tu kwa treni kutoka kwako. Tangu uhame sijawahi kufika karibu nawe hivyo. Yanaanza Alhamisi, tarehe tisa Mei, na ndugu za wachezaji wanaruhusiwa kusimama nyuma ya kamba na kutazama. Mwanangu, sijakutia machoni tangu kabla ya mazishi ya baba yako. Sikulaumu, nasema tu ilivyo. Njoo usimame nyuma ya hiyo kamba hata kwa saa moja. Nikuone.

Mama yako


19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo inanizungusha. Jana nilikula mayai mawili na mkate, nikaongeza tena mkate. Umeridhika?

Poka, Mama! Ile sentensi niliisoma mara tatu nikidhani umeandikiwa na mtu. Si ni wewe uliyekuwa ukinipokonya gololi, eti ni kamari? Nimemsimulia fundi mkuu wangu, amecheka mpaka akaangusha bisibisi shimoni, na aliyeshuka kuifuata ni mimi. Anasema mashindano hayo hujaa watu zaidi ya mia saba, vijana wa miwani ya giza wanaopiga hesabu kichwani. Usije ukaumia moyo. Wengi wanatolewa siku ya kwanza.

Kuhusu kuja: Alhamisi na Ijumaa haiwezekani kabisa, nipo zamu, na mtu aliyekwama kwenye lifti hajali mama wa fundi yuko wapi. Ila tufanye hivi. Ukifika Jumamosi bila kutolewa, nakuja. Nakuahidi, Mama, naapa kabisa, treni ya kwanza ya asubuhi, na nitasimama nyuma ya hiyo kamba nikipiga makofi mpaka wanitoe nje. Wewe fika Jumamosi tu.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Za huko? Huku kwema. Goti limesikia habari ya safari likapona lenyewe.

Barua yako nimewasomea klabuni kwa sauti, na sasa kila mtu ananiuliza habari za Jumamosi. Daktari wa meno, pamoja na kununa kwake, amejitolea kunifundisha kila jioni. Anasema ubaya wangu ni mmoja: napenda mno kuona. Kwenye poka, mtu akiweka dau kubwa hakuonyeshi karata zake bure. Ama unatupa zako, ama unalipa kiasi kile kile ndipo afunue. Mimi nikishuku kwamba mtu anatisha tu, nalipa, hata pale ninapojua nitaumia. Ni ugonjwa wa kazi. Miaka yote ile kwenye ubao wa simu wa hospitali nilikuwa nasikia sauti bila kuona sura, sasa nataka sura. Anasema nikijitibu hilo nitafika mbali.

Jambo la pili ni kwamba huwezi kukaa bure. Kila mzunguko unatoa kidogo katika zile sarafu za plastiki ulizogawiwa, hata kama hukucheza, na kadri muda unavyokwenda ndivyo kiasi kinavyopanda. Zikiisha, unainuka, unampisha mwingine.

Lakini Jumamosi nitafika. Nimenunua blauzi ya rangi ya machungwa, usije ukahangaika kunitafuta kati ya watu mia saba. Ukiniona usipige kelele, watanifukuza.

Mama yako


Jumamosi, 11 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, na pole na safari. Natumaini barua hii imekukuta nyumbani umeshapumzika, goti umelinyoosha juu ya stuli.

Usisikitike, Mama. Hata kuketi pale ni jambo. Fundi mkuu anasema anayemaliza siku ya kwanza tu ameshajitahidi, na mimi nakuhesabu umejitahidi hata kama ulitoka kabla ya chakula cha mchana. Ungefika leo, mimi nilishajipanga kabisa kuja. Basi, tutaonana safari nyingine. Leo nipo tu nyumbani nafua, kamba yote imejaa maovaroli. Mwambie daktari wa meno asikucheke, au nitakuja kumng'oa yeye jino.

Mwanao


16 Mei

Mwanangu,

Nimerudi salama na afya ni nzuri. Barua yako nimeikuta chini ya mlango, imefika nyumbani kabla yangu.

Sikutoka kabla ya chakula cha mchana. Alhamisi nilicheza vizuri, mwanangu, wala sijisifu. Ukumbi ule hauna mwisho, na watu wanachezea sarafu zao vidoleni bila kupumzika mpaka unasikia kama mvua juu ya bati. Vijana wa miwani walinipisha kwa adabu wakidhani nimepotea njia. Mpaka jioni nilikuwa nimewatoa wawili, na meza nzima wananiita Bi Subiri, kwa sababu kabla ya kuamua lolote nilikuwa nikiwaambia "subiri kidogo", kama nilivyozoea kazini.

Ijumaa alasiri nikapata ree mbili. Hakuna karata za kuanzia zinazozidi hizo, mtu anaweza kushinda kutwa asizione. Kijana aliyekaa mbele yangu akasukuma sarafu zake zote katikati, na zake zilikuwa nyingi kuliko zangu. Nilisikiliza anavyopumua, nikajua hana kitu. Daktari wa meno angekuwepo angenisukuma kiwiko nilipe. Lakini hata ree mbili huwa zinafungwa mara moja moja, na mimi ningefungwa ningetoka siku ile ile. Nikawaza: kesho mwanangu anashuka kwenye treni, anaingia, anakuta kiti changu kina mtu mwingine. Nikazitupa, kifudifudi, mtu asizione. Kijana akafunua zake kwa majivuno: saba ya kopa na mbili ya pau, takataka tupu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Baada ya hapo sikucheza tena. Nilikuwa natupa kila ninachopewa, nakaa tu, sarafu zinapungua. Jumamosi asubuhi bado nilikuwepo, na rundo la kutosha kiganja kimoja. Nilivaa ile blauzi. Kila mlango ulipofunguliwa niligeuka, mpaka msichana anayegawa karata akaniuliza, "Bi Subiri, unamngoja mtu?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, yuko njiani. Basi akawa anagawa polepole, Mungu ambariki, na wale vijana wenye haraka zao hawakumharakisha. Sarafu yangu ya mwisho ilichukuliwa na mzunguko. Karata nilizopewa hata sikuzitazama.

Wakanipigia makofi kama wanavyompigia kila anayetoka. Nikahamia upande wa pili wa kamba, nikasimama pale ambapo ungesimama wewe, nisije nikapishana nawe mlangoni. Nilisimama mpaka wafagiaji walipoingia. Simu sikukupigia. Siku ya mazishi nilikupigia sana, naijua simu inayolia bila kupokelewa.

Nilifika Jumamosi. Nilitaka tu ujue.

Mama yako


27 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzeje kukuuliza hali, wakati aliyeiharibu ni mimi.

Sikukata tiketi. Jumamosi ile sikuwa na zamu, na hakuna mtu aliyekwama popote. Niliitaja siku hiyo kwa sababu nilikuwa na uhakika hutafika. Nilikuwa naanika maovaroli na kupiga miluzi wakati wewe unageukia mlango. Tangu niipate barua yako nikipanda lifti sipigi tena miluzi, fundi mkuu anadhani naumwa.

Ninakuogopa, Mama. Siku ya mazishi nilikuwa nimekaa juu ya paa la lifti, gizani, simu inatetemeka mfukoni, najua ni wewe. Sikuweza kumwona Baba amelazwa vile. Nikajiambia nitakuja wiki ijayo nikuombe radhi, halafu wiki ikawa mwezi, na kadri nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kukosa uso wa kuja nao. Naandika haya nalia kama mtoto.

Nimeomba likizo. Nakuja tarehe ishirini na mbili Juni. Tiketi ninayo mkononi.

Nijibu jambo moja tu. Wewe ulimsikiliza kijana usiyemjua anavyopumua, ukajua hana kitu. Ile barua yangu ya kwanza, Mama, ulijua?

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, na goti limerudi kuninunia.

Nilishuku. Ulipoahidi, ukaapa, ukaweka na treni ya kwanza, ukaweka na makofi, nilishuku hapo hapo. Meza nzima ya wastaafu ingekushuku. Ndiyo maana niliisoma klabuni kwa sauti kubwa, nipate watu wa kuamini pamoja nami. Lakini kushuku siyo kuona, na ugonjwa wangu unaujua. Nililipa ili nione, zikaenda zile ree mbili na safari nzima. Nimeona.

Sina hasira. Nimechoka, na hicho ni kitu kingine. Baba yako alikulilia siku zake za mwisho, nilikuwa nimekuficha hilo, na sasa sina nguvu za kuficha. Alisema nisikugombeze. Sikugombezi.

Wiki iliyopita klabuni nilipata wafalme wawili, nikasukuma sarafu zangu zote katikati bila kusema subiri. Daktari wa meno akanifunga, na kwa furaha akanisalimia vizuri kwa mara ya kwanza.

Habari ya hiyo tarehe ishirini na mbili usiniandikie tena. Blauzi nimempa jirani. Siku hiyo nitafanya kazi zangu kama kawaida, sitakaa kutazama mlango. Ukija, gonga. Nikiwepo nitafungua.

Mama