Unyoya wa Mama Ruth

Alhamisi, Machi 2014

Na ule unyoya niliutupa mimi.

Niliuokota chini ya kiti cha Mama Ruth, mzee ninayemtunza, nilipokuwa nafagia, nikadhani umetoka kwenye mto wa kulalia. Kumbe ndio anaopigia dalsima, ile ala ya nyuzi ya kwao milimani Kentucky, anayoilaza mapajani kila asubuhi.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu, “Ulikuwa wa baba,” akaifunika dalsima kwa shali, na chakula hakukigusa mpaka zamu yangu ikaisha.

Nikashuka mtoni, hapo hapo mjini Champlin, wanapotua mabata bukini. Nimeokota manyoya saba. Viatu vimelowa, basi limenipita, mgongo unauma. Kesho nitampelekea, lakini hata moja si la baba yake, sasa nitamwambia nini…

Baba yangu naye alipiga lulanga, ala ya nyuzi vilevile, kule kwetu milimani Bushi. Tulipokimbia vita tuliiacha imeegemea ukuta. Miaka yote hii nimemlaani aliyeichukua.

Pengine hata hakuwa mwizi. Pengine alikuwa mtu aliyechoka tu, anafagia nyumba.