Siku Baba Alipovua kwa Macho Yangu

Nyumba ya juu, nyuma ya karakana,
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Wifi na watoto wazima? Sisi tunasukuma siku. Mgongo unaniuma, na usingizi wa kushiba nimeusahau.

Macho ya Baba yamekwisha. Daktari kasema la kulia halitarudi, la kushoto linaona mwanga tu. Tangu hapo akawa hali chakula mpaka umbembeleze. Anashinda kitandani akifunga vyambo vyake vya kuvulia, vile vya manyoya vinavyoiga wadudu, kwa kupapasa, anajichoma ndoana, ananiita nimchomoe. Naacha cherehani, naenda. Narudi, anaita tena.

Jumapili akasema, "Nipeleke mtoni."

Nikamjibu kwa ukali, "Baba, huoni!"

"Wewe si unaona?"

Unakijua kile kijito cha mlimani: maji ya kukata mifupa, mawe ya utelezi. Nilimshika mkono tukapanda kwa saa mbili. Penye mwinuko mkali nikambeba mgongoni. Amekuwa mwepesi, mdogo wangu. Hapo ndipo machozi yalinitoka.

Tukapiga magoti upande wa chini wa kidimbwi cha kijito, wale samaki trauti wasituone. Nikamnong'oneza, "Nyuma ya jiwe jeusi, hatua sita, kushoto kidogo." Akarusha, mshipi ukanasa kwenye majani. Mara ya pili vilevile. Magoti yangu yakafa ganzi. Mara ya nne chambo kikatua juu ya maji kama mdudu hai, na samaki akakidaka.

Alikuwa wa kiganja tu. Baba alilowesha mikono, akamshika humo humo majini, akauliza, "Ana madoa mekundu?"

"Anayo, Baba."

Akamwachia aende zake. Kisha akasema, "Haya mama, twende nyumbani." Jioni alimaliza sahani nzima bila kubembelezwa.

Hajaniambia nikuite, unakijua kiburi chake. Ninayekuita ni mimi. Nimechoka, tena sana. Njoo hata kwa mwezi mmoja, nilale.

Nisalimie wifi, na umbusu kitinda mimba. Shangazi na fundi jirani wanakusalimu. Mungu akufikishe salama.

Leo asubuhi Baba kaniuliza Jumapili bado siku ngapi. Mgongo wangu hauwezi tena. Wako unaweza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata katika uchovu huu.