Siku Mbili Bila Kula

Donholm, Jumanne

Nekesa binti yangu,

Natumai mvua haijaharibu nguo kwenye kibanda chako cha Muthurwa. Hapa kwenye nyumba ya wazee, Triza, mzee mwenzangu wa chumbani, amesukwa nywele na sasa anajiona bibi harusi.

Nina jambo la kuungama kabla sijafa, na daktari anasema si mbali. Mara zote tatu ulizoambiwa nimeshindwa kula, sikuwa nimeshindwa. Nilikataa. Hapa mzee akikaa siku mbili bila kula, jamaa zake hupigiwa simu. Nawe ulifunga kibanda, ukaja, ukanilisha kwa mkono wako. Nimeuumiza mwili huu makusudi, nikuone.

Jacky, muuguzi wetu, ndiye aliyenigundua. "Haki mwalimu, umegoma kula kama mtoto wa bweni anayetaka kurudishwa kwao?" Nilicheka, kisha nikalia. Watoto wa namna hiyo nilikuwa nikiwachapa.

Sasa nikitaka kula, mwili wenyewe unakataa. Leo nimejilazimisha nusu kikombe cha uji, Jacky ni shahidi.

Njoo Jumapili, mwanangu. Hutapigiwa simu. Ninayekuita ni mimi.

Mama yako,
Annah