Mota ya Winchi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto kaota meno mawili, anauma kila kitu.

Wiki iliyopita, mota ya winchi inayopandisha mafundi ghorofani iliungua. Msimamizi wa ujenzi akaleta nyingine. "Kilowati saba na nusu, kama ya zamani. Funga!"

Nikasoma kibati cha maelezo kwenye mota: mizunguko 2,900 kwa dakika. Ya zamani ilikuwa 1,450. Nikapiga hesabu uliyonifundisha: 9,550 mara kilowati, gawanya kwa mizunguko. Nguvu ya kuzungusha ilishuka kutoka nyutoni-mita 49 hadi 25, karibu nusu.

"Hii haitabeba watu," nikasema. Akanifokea mbele ya wote, nitafute kazi kwingine. Nikamsihi tujaribu kwanza kwa mifuko ya saruji. Mota ikanguruma, ikatoa moshi, mifuko haikunyanyuka. Mafundi sita walikuwa wamejipanga kupanda. Msimamizi alinishika mkono, akaamuru mota ile irudishwe.

Mjomba, najua baba aliacha kuongea nawe tangu uliponipeleka chuo cha ufundi bila ridhaa yake, na hukuwahi kunilalamikia. Jana nilimsimulia haya yote. Akauliza, "Namba ya shemeji unayo?"

Akipiga, tafadhali pokea. Asante kwa kila kitu.

Mpwa wako, fundi umeme